Kambi ya Uvuvi Ziwani: Andikeni Tarehe Mbili

Kila mwaka, masika yanapokwisha na shule kufungwa mwezi wa Juni, yapo makundi ya marafiki hapa Mwanza ambao huchangishana fedha, hukodi mtumbwi wa injini pale Igombe au Kayenze, na kwenda kulala siku tatu au nne visiwani wakivua samaki. Wengine wamesoma pamoja, wengine wameimba kwaya moja tangu ujana. Wapo pia ndugu waliohamia Dodoma au Dar es Salaam ambao huingoja likizo hiyo ili wavue tena sato na sangara kama walivyofundishwa na baba zao. Wageni wenye uwezo huenda hata Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa mwaka 1977, ambako uvuvi wa ndoana huruhusiwa kwa kibali.

Hatuandiki ili kuwakataza. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima anahitaji mapumziko, na urafiki unaotunzwa ni dawa pia. Lakini sisi wauguzi hukutana na sehemu ya safari ambayo haionekani kwenye picha. Kila kundi huandika tarehe ya kuondoka. Katika toleo hili tunawaomba muandike na tarehe ya pili: siku ile inayotimiza wiki nane baada ya kurudi. Mkisoma hadi mwisho mtaelewa kwa nini.

Ziwa letu lina hatari za aina mbili. Ipo ya haraka, ambayo humaliza mtu kwa dakika chache. Ipo na ya polepole, ambayo humfuata mtu nyumbani kimya kimya, akala naye na kulala naye kwa miaka.

HATARI YA HARAKA: UPEPO NA MAJI

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800. Kisiwa kinachoonekana karibu kwa macho chaweza kuwa mbali sana kwa mtumbwi uliozimikiwa injini. Kanda yetu haijasahau MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikija Mwanza na kuua mamia ya watu. Wala haijasahau MV Nyerere, iliyopinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, hatua chache tu kabla ya kutia nanga, wakafa watu zaidi ya 220. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaza kupita kiasi. Ikiwa meli hupinduka kwa sababu ya uzito, itakuwaje mtumbwi wenye watu kumi na wawili, mahema, majiko, makreti ya soda na nyavu?

Yafaa pia kuelewa tabia ya upepo wa ziwa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo upepo hutoka ziwani kuja pwani. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, maji hubaki na uvuguvugu, na upepo wa kutoka pande zote hukutana katikati ya ziwa na kupanda juu. Hapo ndipo mawingu ya radi hujengeka. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani huja usiku wa manane hadi alfajiri, wakati ule ule ambao wavuvi wa dagaa wamewasha taa zao. Kundi la mapumziko halina sababu ya kuwa katikati ya maji saa hizo.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka:

1. Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha waulizeni wazee wa mwalo. Wakisema leo msitoke, msitoke, hata kama fedha ya kukodi imekwisha kulipwa.

2. Kila mtu na jaketi lake la kujiokolea, amelivaa na kulifunga. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Anayejua kuogelea naye avae, kwani mtu aliyegongwa kichwa na ubao wa mtumbwi haogelei.

3. Mwacheni mtu nchi kavu anayejua mmekwenda kisiwa gani na mtarudi saa ngapi. Simu zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

4. Pombe ibaki nchi kavu. Mlevi akianguka majini haogopi kwa wakati, na hata akiokolewa hupoteza joto la mwili upesi.

Mtumbwi ukipinduka, ushikilieni. Wengi hufa wakijaribu kuogelea kufuata taa za pwani, na huku waliong'ang'ania mtumbwi wakiokolewa. Ukiwa nchi kavu ukaona mtu anazama, usimrukie haraka, kwani anayezama humkumbatia mwokoaji na wote wawili hushuka. Mtupie kamba, kasia, au dumu tupu lililofungwa kizibo vizuri.

Akitolewa majini hapumui, msimninginize kichwa chini na msimkamue tumbo. Hiyo ni desturi tunayoikuta mara nyingi, na hupoteza dakika ambazo zingemponya. Mlazeni chali mahali pagumu, mwinueni kidevu, zibeni pua yake, na mmoja wenu ampulizie pumzi tano mdomoni. Kisha akandamize katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka mara 30, ampulizie pumzi mbili, na kurudia hivyo hivyo bila kuacha mpaka apumue au msaada ufike. Akizinduka, bado apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Maji yaliyoingia mapafuni yaweza kumzidi saa kadhaa baadaye, akiwa amekwisha kusema, "Nimepona."

KAMBINI

Pigeni hema mbali na matete na mbali na njia za viboko. Mnyama huyo hutoka majini usiku kula majani, hupita njia ile ile kila siku, na hapendi kukuta kitu kati yake na maji. Katika fukwe zenye mamba mtu asichuchumae ukingoni kusafisha samaki, hasa jioni na usiku.

Kila mmoja alale ndani ya chandarua chenye dawa. Makundi ya vijidudu ambayo huruka juu ya ziwa kama moshi hayaumi wala hayaleti malaria. Anayeleta malaria ni yule mbu mmoja unayemsikia sikioni usiku. Chandarua ni cha kulalia. Tukikitandika chini ili kuanika dagaa, tumewalinda dagaa tukawaacha watoto.

Maji ya ziwa, hata yakiwa maangavu, si ya kunywa. Visiwa na mialo imewahi kupata kipindupindu mara kwa mara. Yachemsheni mpaka yatokote, au yatieni dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa. Mtu akianza kuharisha, mpeni maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Akiharisha maji matupu mfululizo, kambi imekwisha. Mrudisheni akatibiwe huku akiendelea kunywa.

Ndoana ikimzama mtu nyamani, msiivute kurudi ilikotoka, kwani ule mwiba wake utachana. Kateni mshipi, funikeni kidonda kwa kitambaa safi, mpelekeni zahanati, na mwulize kuhusu sindano ya pepopunda. Ndoana ya jichoni isiguswe kabisa.

La mwisho hapa ni choo. Chimbeni shimo mbali na ziwa, angalau hatua hamsini, na kulifukia mkiondoka. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalotuingiza katika hatari ya pili.

HATARI YA POLEPOLE: KICHOCHO

Wengi wakisikia kichocho hufikiria mtoto anayekojoa damu. Hicho ni kichocho cha kibofu, ambacho katika mkoa wetu hupatikana zaidi kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga mbali na ziwa. Kichocho cha ziwani na visiwani ni kile cha tumbo. Hakimfanyi mtu akojoe damu, na kwa sababu hiyo wengi hawajui kwamba wanacho.

Safari ya mdudu huyu ni hivi. Mgonjwa akijisaidia majini au ukingoni, mayai hufika ziwani na kuanguliwa. Vitoto vyake humtafuta konokono mdogo wa majini, aishiye kwenye matete, magugu na maji yaliyotulia. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo huanza kutoa vimelea maelfu kwa maelfu. Hutoka zaidi jua likiwa kali, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, yaani saa zile zile ambazo watu wa kambi huoga, hufua na kucheza majini. Vimelea havionekani kwa macho. Hupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache. Pengine mtu huhisi mwasho kidogo, naye husema ni majani.

Ndani ya mwili hupita mapafuni na kuingia ini, na huko hukua. Baada ya wiki tano hadi saba huwa minyoo kamili, dume na jike, wanaoishi ndani ya mishipa ya damu ya utumbo na kutaga mayai kila siku kwa miaka. Mayai mengine hutoka na choo. Mengine hukwama kwenye ini, na kila yai lililokwama huacha kovu. Makovu yakizidi, ini hukakamaa, damu hukosa njia, bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na mishipa ya koo la chakula hututumka. Siku moja mishipa hiyo hupasuka na mtu hutapika damu. Kati ya wagonjwa wanaoletwa hospitali za kanda yetu wakitapika damu, kichocho ni sababu mojawapo kubwa. Ukiwauliza walianza kuugua lini, husema, "Jana."

Jinsi ya kujikinga kambini:

Oga kwa maji yaliyochotwa na kuwekwa kwenye pipa au dumu safi siku mbili kamili, kwani vimelea vilivyotoka kwa konokono havidumu muda huo. Kama huna nafasi ya kungoja, yachemshe kisha yapoe. Kupanda na kushuka mtumbwini tumieni gati au mabuti marefu ya mpira. Msisimame majini kwenye matete ili kutoa nyavu au kutafuta chambo. Kokoro, ambalo sheria imelipiga marufuku kwa sababu huzoa samaki wachanga na mazalia, humweka mvuta kamba ndani ya maji ya ukingoni kwa saa nzima. Kwa hiyo huharibu ziwa na mvuvi pia. Na yeyote aliyejisaidia ziwani amewaachia watu wa kisiwa ugonjwa kuwa malipo ya ukarimu wao.

BAADA YA KURUDI

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Watu hurudi Jumapili, na Jumatatu wale waangalifu hununua dawa ya kichocho, hunywa, na kusema mambo yamekwisha. Dawa hiyo, prazikwanteli, ni nzuri sana, lakini huua minyoo iliyokomaa. Michanga haiiwezi vizuri. Aliyemeza Jumatatu ameirusha dawa kabla adui hajafika. Vivyo hivyo na kipimo: choo kikipimwa wiki ya kwanza hakitaonyesha yai, kwa kuwa hakuna mnyoo aliyeanza kutaga. Mtu hupewa jibu la "hakuna" na kulishika miaka kumi.

Basi hesabuni hivi:

Kuanzia siku ya saba hadi wiki kadhaa. Homa, baridi, kichwa na maungo kuuma vyaweza kuwa malaria mliyoitoa kambini. Pimwa siku hiyo hiyo. Usimeze dawa ya malaria bila kipimo, wala usigawane dozi na mwenzako. Malaria ikionekana, maliza dozi yote hata ukijisikia vizuri siku ya pili.

Wiki ya pili hadi ya nane. Homa isiyoeleweka, kikohozi kikavu, mabaka ya ngozi yanayowasha, tumbo kuuma au kuharisha, na kipimo cha malaria kinasema hakuna. Yaweza kuwa kichocho kichanga, mwili unapopambana na vimelea kwa mara ya kwanza. Huwapata zaidi wageni, kama yule rafiki aliyerudi Dodoma. Yeye yuko mbali na ziwa, na mhudumu wa huko huenda asifikirie kichocho. Kwa hiyo aseme mwenyewe, bila kungoja kuulizwa: "Nilikuwa Ziwa Victoria tarehe fulani, niliingia majini." Sentensi hiyo yaweza kuokoa wiki nyingi za dawa zisizohusika. Hali hii huhitaji daktari, si vidonge vya dukani.

Wiki ya nane. Hii ndiyo tarehe ya pili. Nendeni kupima choo hata kama hamuumwi. Atakayekutwa na mayai hupewa prazikwanteli kwa kipimo cha uzito au urefu wake, baada ya kula. Kizunguzungu, kichefuchefu na tumbo kusokota kwa saa chache ni jambo la kawaida. Mwulize mhudumu lini urudi kupimwa tena, kwani dozi moja pengine haimalizi minyoo yote.

Tunashauri kundi lote liende pamoja. Mlikwenda pamoja, mkala pamoja; hakuna aibu kukaa pamoja kwenye benchi la maabara. Akina baba, tunasema nanyi hasa. Shuleni dawa hugawiwa kwa kampeni, na watoto wengi huipata. Baba anayeingia majini kila mwaka haendi shule, na kampeni humpita.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, nikinywa dawa kabla ya safari nitakingwa?
Hapana. Dawa hukaa mwilini saa chache tu, kisha hutoka. Haizuii kuambukizwa kesho.

Mimi nimezaliwa Ukerewe. Mwili wangu haujazoea?
Aliyekulia ziwani huenda asipate ile homa ya mwanzo, na hilo ndilo linalomdanganya. Minyoo humkaa na ini lake huumia kama la mwingine. Wewe una sababu zaidi ya kupima, kwa kuwa umeoga maji hayo tangu utoto.

Je, kula samaki wa ziwani kwaweza kuniletea kichocho?
Hapana. Kichocho huingia kwa ngozi. Sato aliyepikwa akaiva ni chakula bora. Anayehitaji hadhari ni yule anayesimama majini kumparua.

Mke wangu alikuja kambini naye ni mjamzito. Afanyeje?
Asinunue dawa dukani. Awaeleze wahudumu wa kliniki ya wajawazito. Shirika la Afya Duniani hukubali mjamzito atibiwe kwa prazikwanteli baada ya miezi mitatu ya kwanza, kwa uangalizi wa mhudumu. Aliyepata homa yoyote, asingoje siku ya kliniki.

Tunaogelea kwenye kina kirefu. Si salama?
Hatari ya kichocho huwa kubwa zaidi ukingoni, lakini hakuna anayefika kwenye kina bila kupita mahali. Na kwenye kina kirefu ile hatari ya kwanza inakungoja.

Wapenzi wasomaji, wavuvi wa dagaa huhesabu mwezi: siku za giza huwa ziwani, siku za mbalamwezi hurudi kutengeneza nyavu. Hawasemi kazi imekwisha kwa sababu mtumbwi umefungwa. Nasi tufanye vivyo hivyo. Mwaka huu, yule anayeshika daftari la michango aandike juu ya ukurasa tarehe ya kuondoka, na chini yake tarehe ya kupima. Nauli ya kwenda zahanati ikatwe katika mchango ule ule, kabla ya kununua mkaa.